Nyota mnatuandikia kila wiki, hili la kukoroma je?

Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, hata mlipokuwa mkirudia habari ya jana kwa kichwa kipya. Lakini picha zenu za Juni 26, siku ya kupinga dawa za kulevya duniani, zimenishinda. Waheshimiwa wamejipanga upande usio na moshi, magunia ya dawa za kulevya yanateketea, na chini yao kijana wa watu kalegea ukutani, uso wazi, mate yanamtoka, mmeandika "Teja akiwa hajitambui". Huyo ana mama. Na mama naye anasoma gazeti.

Siku hiyo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1987, na tangu hapo hotuba ni ile ile: dawa za kulevya ni mbaya, vijana waziepuke. Nani asiyejua? Mdogo wangu alijua kuliko mgeni rasmi wenu. Kuhusu methadoni, inayotibu waraibu wa heroini tangu miaka ya 1960, ukurasa mzima haukuwa na hata neno moja.

Mdogo wangu alianza na vidonge vya maumivu alipovunjika mguu, vikaja kumwachia unga, yaani heroini. Akaenda nyumba ya tiba miezi minne, akarudi kanenepa, anacheka, anasalimia hadi watoto. Tulikabidhiwa karatasi ya masharti: asishike fedha, asionane na marafiki wa zamani, asikae peke yake. Hakuna aliyetuambia kwamba mwili uliokaa miezi bila unga husahau, na kile kipimo alichozoea kukibeba bila kuyumba sasa kinaweza kumuua. Siku ya tisa akateleza. Mara moja tu. Tukamkuta chali kitandani, anakoroma kwa nguvu, na mama akasema mwacheni, ana siku nyingi hajalala hivi. Shuka nilimfunika mimi, kwa mikono yangu. Kumbe ule haukuwa usingizi. Kukoroma kule kwa kugugumia, pumzi zinazokuja moja moja, midomo inayogeuka rangi, mboni zilizobaki kama ncha ya sindano, zote zilikuwa dalili, na mimi nikazima taa nikatoka kwa kunyata nisimwamshe! Naloksoni, dawa inayoweza kuirudisha pumzi ndani ya dakika chache, Marekani iliidhinishwa mwaka 1971. Mimi jina lake nimelijua tumeshazika.

Halafu mnawasaka wenye magunia tu. Mwenye duka la dawa anayempa mtoto vidonge vya maumivu vya tramadoli au sharubati ya kikohozi yenye kodeini bila kumwomba cheti cha daktari, huyo mbona hapigwi picha? Heroini yenyewe kampuni ya Bayer iliiingiza sokoni mwaka 1898 kama dawa ya kikohozi. Balaa hili halikuanzia vichochoroni.

Nina pendekezo. Ile kona ya nyota, ukurasa wa nyuma. Mimi ni Mizani, na wiki aliyofariki mdogo wangu mliniahidi furaha nyumbani. Iondoeni mwezi mmoja tu, tutaishi. Andikeni hapo, kwa herufi za mama yangu kusoma bila miwani: mtu aliyetumia, ukimwita na kumtikisa haamki, usimwache alale. Piga simu ya dharura. Naloksoni ikiwepo mpe. Pumzi ikikatika mpulizie kama umefundishwa. Akiwa anapumua mlaze ubavu asipaliwe. Kaa naye hata akizinduka, maana naloksoni inaweza kuisha nguvu kabla ya unga, akazama tena. Na wanaopokea mtu kutoka tiba waambiwe wazi kwamba siku za mwanzo ndizo za hatari, si za kupumua.

Msiweke picha ya mtu yeyote. Mkikosa nafasi, kateni ile ya mgeni rasmi. Hata hivyo alikuwa amefumba macho.

Dada wa marehemu