Ten Hag asitafutiwe mchawi

Mhariri, naomba kanafasi. Vijiweni bado watu wanasema wachezaji wa Man United ndo walimuangusha kocha wao wa zamani, Ten Hag, mi nakataa. Yule alianza kuharibu kwenye usajili. 2022 klabu ikatoa zaidi ya pauni milioni 80 kwa Antony, winga mwenye ujanja mmoja tu, anavuta mpira ndani apige na kushoto, mabeki wa Uingereza wakamkariri fasta. Na karibu kila dirisha la usajili lazima aje mtu aliyewahi kupita Ajax, klabu ya Uholanzi aliyoifundisha kabla, Martinez, Onana, De Ligt, Mazraoui (Martinez sawa, yule jembe).

Halafu mbinu sasa! Mafowadi wanaenda kukaba juu, mabeki wamebaki nyuma kabisa, katikati kunabaki uwanja wa ndege na kiungo wetu Casemiro wa watu anakimbizwa na vijana wadogo. Msimu wa 2023/24 tukamaliza wa 8 kwenye Ligi Kuu, tumefungwa magoli mengi kuliko tuliyofunga. Kombe la FA tulichukua ndio, fainali Man City tukawapiga 2-1, ila kombe hilo ndo likawalewesha mabosi, Julai wakamuongezea mkataba, Oktoba wakamtimua na fidia juu.

Shabiki wa United,
Mbagala, Dar es Salaam