Barua kwa Salum kuhusu mwandishi wa safu aliyekuwa mpelelezi

Ndugu yangu mpendwa Salum,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe pamoja na shemeji na watoto. Sisi huku Tanga hatujambo. Uliniuliza ni tamthilia gani ya zamani ya upelelezi ningependa uitazame kwanza, na kwa kuwa umeandika safu gazetini kwa miaka mingi, jibu langu ni moja tu: tafuta Front Page Detective.

Ni tamthilia ya Marekani iliyoanza kurushwa na shirika la runinga la DuMont mwaka 1951. Mhusika wake mkuu, David Chase, si askari wala wakili, bali ni mwandishi wa safu. Anaigizwa na Edmund Lowe, aliyezaliwa mwaka 1890 na kupata umaarufu mkubwa zama za filamu zisizo na sauti, hasa kwa What Price Glory ya mwaka 1926. Kwa hiyo hapa unamwona mtu mzima, mwenye masharubu membamba na mwenendo wa kiungwana, asiyehitaji kupaza sauti ili asikilizwe.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba Chase hana mamlaka yoyote. Hana kibali cha kupekua nyumba ya mtu, hawezi kumtia mtu mbaroni, wala hakuna anayelazimika kumjibu. Kazi ya pingu anamwachia luteni wa polisi, anayeigizwa na Frank Jenks. Wewe unajua vizuri kuliko mimi jinsi mtu anavyoweza kumfungulia moyo mwandishi, akamweleza jambo ambalo asingethubutu kulitamka kituo cha polisi, na jinsi mwandishi anavyoruhusiwa kuuliza swali la pili na la tatu kwa kisingizio cha udadisi wa kazi yake. Tamthilia hii imeelewa jambo hilo, ikalifanya kuwa uti wa mgongo wa hadithi. Visa vyenyewe havikushonwa kwa ustadi mkubwa, na pengine utamtambua mhalifu mapema. Bado mazungumzo yanatosha kukushika hadi mwisho wa nusu saa yake.

Jambo jingine linalonigusa ni kwamba tunaweza kuiona hata leo. Wakati ule vipindi vingi vya Marekani viliigizwa studio na kurushwa moja kwa moja, na aliyetaka kuhifadhi kipindi alisimamisha kamera ya filamu mbele ya kioo cha runinga na kupiga picha ya picha, ndiyo maana nakala hizo zina ukungu na nyuso hufifia. DuMont, ambayo haikuwa na mtandao wa redio wa kuibeba kama ilivyokuwa kwa NBC na CBS, na ambayo ilibanwa pale serikali iliposimamisha utoaji wa leseni za vituo vipya kuanzia mwaka 1948 hadi 1952, ilifunga matangazo yake mwaka 1956. Nakala zake nyingi ziliangamia. Mwaka 1996 mwigizaji Edie Adams alieleza mbele ya kikao cha Maktaba ya Bunge la Marekani kwamba katika miaka ya 1970 shehena ya kumbukumbu hizo ilipakiwa kwenye malori usiku na kwenda kutupwa katika ghuba ya New York. Kila nikilifikiria jambo hilo nasikitika, kwa maana kazi ya maelfu ya watu ilizamishwa kama takataka.

Front Page Detective ilinusurika kwa sehemu kwa sababu mtayarishaji wake, Jerry Fairbanks, aliipiga kwenye filamu tangu mwanzo. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza nchini kwao kutengeneza tamthilia za runinga kwa njia hiyo, tangu miaka ya 1940. Si vipindi vyote vilivyopatikana, lakini vilivyopo vinatosha, na picha yake ni safi kiasi cha kukuwezesha kuona jicho la Lowe linavyotulia anapongoja mtu ajikanganye kwa maneno yake mwenyewe.

Ukishavitazama, tafadhali niandikie unavyoyaona maswali ya Chase: je, ndivyo mwandishi wa safu anavyouliza kweli, au ni askari aliyevalishwa koti la mwandishi? Mimi naamini ni mwandishi, lakini katika hili hukumu yako naithamini kuliko yangu.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako akupendaye,
Hemedi