Kuhusu ile "my colleague and I"

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako ya kuomba kazi nimeisoma mara mbili jana usiku. Imekaa vizuri na sioni haja ya kuifumua. Ila kuna sentensi moja niliyoipigia mstari: "The manager asked my colleague and I to train the new staff." Hapo, ndugu yangu, inatakiwa "me".

Najua utasita, kwa sababu hata mimi niliandika hivyohivyo kwa miaka. Nikiwa shuleni niliandika "Me and my friend went home", mwalimu akaikata kwa wino mwekundu na kuandika juu yake "My friend and I". Alikuwa sahihi, lakini sababu hakuitaja, nami nikaondoka na funzo potofu: kwamba "me" ni neno la mtu asiyesoma. Tangu siku hiyo nikawa nalikimbia kila mahali, hata pale lilipokuwa na haki yake. Naamini nawe ulipita njia hiyohiyo.

Cha kufanya ni kumwondoa huyo mwenzako kwenye sentensi, ubaki peke yako. "The manager asked I"? Sikio lako litakataa hapohapo. "The manager asked me." Sasa mrudishe mwenzako, na neno lisibadilike: "asked my colleague and me". Ukiijaribu ile sentensi ya mwalimu wangu utaona kwa nini aliikata: "Me went home" haisimami.

Nimekaa nikijiuliza kwa nini sisi tunateleza papo hapo kila mara, na nadhani jibu limo ndani ya Kiswahili chenyewe. Chukua "nilimwona" na "aliniona". Katika la kwanza mimi ndiye mtenda, katika la pili ndiye mtendwa, lakini kiambishi ni kilekile "ni". Kilichohama ni mahali pake tu. "Sisi" nayo hivyo: tuliwaona, walituona. Hata neno "mimi" likisimama peke yake halibadiliki: mimi nilimwita, aliniita mimi. Kwa hiyo hatukuzoea kujibadilisha sura tunapotoka kwenye kutenda kwenda kwenye kutendwa. Kiingereza kinadai tujibadilishe: "I" iwe "me", "we" iwe "us".

Kwa "yeye" tumeshazoea, maana "alimwona" ina "a" ya mtenda na "m" ya mtendwa, kama "he" na "him". Shida yetu pale ni nyingine, kuchagua kati ya "him" na "her", kwa kuwa "m" yetu haiulizi kama ni mwanamume au mwanamke. Kwa "wewe" mambo yanageuka kabisa: sisi tunabadilisha, "ulimwona" na "alikuona", wao wanabaki na "you" kotekote. Zamani nao walitenganisha, angalau walipowataja watu wengi. Biblia yao ya mwaka 1611, katika Yohana 8:32, inasema "ye shall know the truth, and the truth shall make you free". "Ye" ndio wanaojua, "you" ndio wanaowekwa huru. Baadaye "you" ikameza nafasi zote mbili.

Baada ya vihusishi kama "for", "with", "to" na "between" ni umbo la mtendwa siku zote. Kwa hiyo "between you and me", hata kama umewasikia wakubwa wakisema "between you and I". Na usijifiche nyuma ya "myself" pale ulipoandika "contact my supervisor or myself". Andika "me".

Kuna kosa jingine katika aya yako ya tatu ambalo naona ni letu hasa: "the report which I wrote it". Hiyo "it" imetoka kwenye "ripoti niliyoiandika". Ile "i" iliyo kabla ya "andika" kwetu inakaa vizuri, lakini katika Kiingereza "which" imeshashika nafasi hiyo na haihitaji msaidizi. Ifute. Vilevile "I met him the director" ni "nilimkutana"... hapana, ni "nilimwona mkurugenzi" iliyovaa nguo za Kiingereza. Chagua moja, "him" au "the director".

"It's me" iache kama ilivyo, ndivyo watu wanavyosema. Kwenye ulinganisho tu nakuomba uwe makini. "Anakupenda kuliko mimi" kwetu ina maana mbili, na msikilizaji lazima akisie. Kiingereza kinakupa nafasi ya kuzitenga: "She likes you more than I do" inanilinganisha mimi na yeye katika kukupenda, "She likes you more than she likes me" inanilinganisha mimi na wewe katika kupendwa. Ukiishia na "than me" peke yake, msomaji anabaki njia panda.

Rekebisha hizo sehemu nne, kisha isome barua yote kwa sauti ukimwondoa mwenzako kila penye "and". Halafu nitumie kabla hujaipeleka, nitaipitia siku hiyohiyo.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.