Kabla ya kusoma adhabu, hakimu aulize kwanza

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako. Naandika kutoka Kirumba hapa Mwanza na jambo lenyewe limenikaa rohoni tangu mtoto wa dada yangu afungwe.

Kijana alikuwa anavua dagaa, akaiba taa mbili za sola na betri kwenye mtumbwi wa tajiri wake akaenda kuuza. Ni kosa, sibishi, na mahakamani alikiri siku ya kwanza tu. Ila kabla ya hapo ye na tajiri walishakaa kwa mjumbe, akalipa laki na ishirini, ikaandikwa karatasi wakaweka na dole gumba, sema jalada lilishafunguliwa polisi. Siku ya hukumu mwendesha mashtaka akasema hana kumbukumbu ya makosa ya nyuma lakini apewe adhabu kali iwe fundisho maana wizi wa taa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, umezidi, afu kijana akaulizwa una lolote la kusema, akasema naomba mnisamehe, basi. Mwaka mmoja na nusu. Dakika tano hazikufika. Ile karatasi ilikuwa kwenye kipochi cha mama yake, kakaa benchi la nyuma, hakujua kama anaruhusiwa kunyanyuka.

Sasa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu hakimu kupokea ushahidi wowote anaoona unafaa kabla ya kutoa adhabu, ili ajue ipi inastahili. Na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inasema kama kifungo kinachofaa hakizidi miaka mitatu mtu anaweza kupewa kazi za jamii badala ya jela, na ofisa anatumwa kwanza akaulize habari zake. Kwenye unyang'anyi wa silaha hakimu mikono imefungwa, si chini ya miaka 30, hayo siyagusi. Mi nasema haya ya kwetu ya kila siku, mtu hana wakili, hajui kabisa kwamba lile swali la "una lolote la kusema" ndo nafasi yake ya mwisho, kwa hiyo hakimu amsaidie, amuulize umelipa chochote, nani anakutegemea, umekaa mahabusu muda gani, mwenye mali yuko wapi tumsikie.

Najua ukifungua mlango hivyo na majungu yataingia. Marekani kulikuwa na kesi ya Williams na jimbo la New York, ikaamuliwa 1949, baraza la raia waliosikiliza kesi lilipendekeza kifungo cha maisha, jaji akampa kifo akitaja uvunjaji wa nyumba kama 30 ambao mtu hakuwahi kutiwa hatiani, na Mahakama ya Juu ikabariki. Hilo silitaki hata kidogo. Kila kinachosemwa kisemwe mbele ya mshtakiwa na apewe nafasi ya kujibu. Maana hata huku kwetu, wizi umezidi mwaloni, sawa, lakini hizo taa nyingine zote kaiba yeye? Alibebeshwa.

Wiki iliyopita tajiri alikuja nyumbani kumsalimia dada, akakaa kwenye mkeka, akasema angeitwa mahakamani angesema kashalipwa. Hakuna aliyemwita.

Msomaji wako, Kirumba, Mwanza