Wazo lilikuwa lako, ndoo ni zangu

Mdogo wangu,

Zamani tulifundishwa kuandika kwamba barua ni nusu ya kuonana. Hii itabidi itoshe yenyewe, maana umenibloku tangu mwezi wa tatu, na kwenye grupu la familia ulijitoa usiku uleule ulioandika kuwa kuna watu wanakula jasho la wenzao. Shangazi alinipigia saa tano usiku kuuliza ni jasho la nani. Nikamwambia alale.

Naandika hapa kwa kuwa najua unapitaga. Na nyie mnaonitumia ujumbe kila wiki, "dada, nina wazo la biashara, nianzie wapi?", kaeni pembeni msikilize. Majibu yenu yamo humu, ingawa barua si yenu.

Naanza na hilo unalolitaka. Unasema nimechukua wazo lako la siagi ya karanga. Wazo lilikuwa lako. Umeme umekatika, tumekaa kibarazani, wewe unafuta sahani ya mlenda kwa tonge la mwisho, ukasema: "Dada, kopo la siagi ya karanga pale supamaketi limepanda meli kuja Dodoma, na karanga zinatoka Kongwa hapo." Mama akacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nahesabu. Sijamwambia mtu yeyote kwamba wazo lilikuwa langu. Siku ya arobaini nilinyamaza tu.

Hiyo arobaini nitaifikia.

Unayakumbuka makopo ya kwanza, mwaka 2017? Wewe unakumbuka picha ulizopiga. Mimi ninalo daftari. Karanga kilo 20 kwa 3,000, ni 60,000. Baada ya kuchagua zilizosinyaa, kukaanga na kupepeta maganda, tukabaki na kilo 17 hivi. Zile kilo tatu wewe hukuwahi kuziona. Kwako kilo 20 zilibaki kilo 20 mpaka mwisho. Yakatoka makopo 42 ya gramu 400. Kopo na mfuniko wake 700, stika 300, hapo kuna 42,000 nyingine. Mkaa 8,000. Mashine ya kusaga 8,500. Sukari, chumvi na mafuta 9,000. Bodaboda 12,000, kwa sababu kila duka ulilipelekea siku yake. Jumla 139,500, yaani kopo moja 3,321, na wewe ulikuwa umeshawatangazia watu 3,000 kwa kuwa inatamkika vizuri. Tuliuza makopo yote, tukapata hasara ya 13,500. Na hapo hatukuwa tumemlipa mtu, hata mama aliyekula moshi siku mbili.

Nilipokuonyesha hesabu ulisema, "Tunatangaza jina kwanza."

Sikukubishia, na hilo kosa ni langu. Wanaoniuliza huwa nawaambia wazo lipite kwenye daftari kabla halijafika kwa mchapa stika. Mimi daftari nilikuwa nalo, ila nilikuwa na mdogo wangu pia, na mdogo wangu alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni kwake tangu alipokosa mkopo wa chuo. Ningeanzaje kumwambia bei yake inatuua?

Halafu yakaja mambo ya maduka. Ulirudi nyumbani unapiga mluzi: maduka kumi na moja yamepokea! Yalipokea mali kauli, mdogo wangu. Duka linaweka kopo kwenye shelfu, likiuzika unalipwa, lisipouzika unalikuta pale pale lina vumbi. Mwisho wa mwezi tulikuwa tunadai 96,000 na nyumbani hatuna hela ya mkaa. Nilijifunza siku hiyo kwamba mtu anaweza kuwa na biashara inayouza na bado akakopa chumvi kwa jirani. Juu ya hayo wateja wakaanza kurudisha, mafuta yamepanda juu, wanadhani imeoza. Siagi isiyotiwa yale mafuta yaliyogandishwa kiwandani ndivyo ilivyo, hujitenga, unakoroga unaendelea. Nikaandika kwa makapeni pembeni ya stika: KOROGA KWANZA. Ulinuna siku mbili kwamba nimeharibu mchoro wako.

Yule mama wa mgahawa, jirani na duka la stendi, wewe hukuwepo. Ulikuwa na usingizi wa asubuhi, nikaenda mimi kudai. Mwenye duka ananizungusha, yule mama akatoka na mwiko mkononi, akashika kopo, akalamba. "Hii sukari yote ya nini? Niletee isiyo na kitu, niungie mboga. Na kopo sitaki, nakupa ndoo yangu." Kilo tatu, kila Jumatatu, hela mkononi. Nilipiga hesabu nikiwa nimesimama palepale: hakuna kopo, hakuna stika, hakuna sukari, hakuna bodaboda kwa kuwa binti yake alikuwa anaifuata mwenyewe. Karanga, mkaa, mashine, basi. Kwa mara ya kwanza kilichobaki kilikuwa chetu.

Nikakimbia kukuambia. Nakumbuka ulivyokuwa umelala chali, simu kifuani. "Dada, hatukuanzisha hii kitu tuje tuwe wasaga karanga."

Siku ile ndipo biashara ilipozaliwa, na wewe hukugeuza hata shingo. Leo katika kila shilingi kumi zinazoingia, saba ni za ndoo: migahawa, shule, akina mama wanaochanganya unga wa lishe. Hayo makopo unayoyadai ndiyo yanayonisumbua kuliko vyote na ndiyo yanayoleta kidogo. Nayaweka kwa sababu mama aliyapenda. Sasa unaposema nimechukua wazo lako, nakuuliza, nimechukua lipi? Lile lako tulilijaribu likafa mikononi mwetu wote wawili. Mimi nilichofanya ni kumsikiliza mwanamke mwenye mwiko.

Naona naanza kujitetea. Acha nijitetee, hujawahi kunipa nafasi.

Februari 2018. Bati la stoo lilivuja na sisi tukalala. Magunia mawili. Ulipofungua la kwanza ule ukungu wa kijani ukatupanda puani. Ulisema tuzianike, tuzikaange sana, tuchanganye na nzuri, nani atajua? Na ulisema kwa upole, kama mtu anayenionea huruma. Mwaka 2016, huku huku Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walikufa kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi, na karanga ni ndugu wa mahindi kwa jambo hilo. Moto wa kikaango hauimalizi. Kiwango cha Afrika Mashariki ni isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, kitu ambacho huwezi kukiona, kukinusa wala kukilamba ukakijua. Yule mama alikuwa anawalisha madereva na watoto wa shule kwa mkono wangu.

Nikachimba shimo nyuma ya choo, nikamwaga magunia yote mawili, nikatia mafuta ya taa. Wewe ulisimama pembeni mikono mfukoni, ukaniambia, "Wewe ni mwoga kama babu." Asubuhi ukapanda basi la Dar.

Kuna kitu hukukijua siku ile, kwa sababu mama aliniapisha. Magunia yale yalikuwa hela ya vikoba. Mama aliweka hisa zake zote akakopa 400,000, akanipa mimi kwa kuwa wewe ungekataa kwa aibu, au ungekubali ukanunua spika. Nilichokichoma kilikuwa chake. Alikaa kizingitini anaangalia moto, hakusema neno, akaingia ndani kupika. Deni alilimaliza kwa miezi kumi na nne, na ndoo za Jumatatu ndizo zilizomlipia. Sasa hayupo, kiapo nimekivunja.

Na babu hakuwa mwoga. Alikuwa kibarua kule Kongwa kwenye karanga za Mwingereza, unajua, hadithi zake tulizisikia wote, ila wewe ulisikia za matrekta tu. Wazo lile lilikuwa zuri kuliko lako. Uingereza imetoka vitani haina mafuta ya kula, Tanganyika ina ardhi. Mwaka 1946 mkubwa mmoja wa kampuni akaja na wazo, wataalamu watatu wakazunguka wiki tisa, 1947 mashine zikaanza kung'oa vichaka na mibuyu. Mvua za Kongwa ni zilezile unazozijua. Udongo ule wa mfinyanzi ukikauka unakuwa sakafu, karanga zinabaki humo chini hazitoki. Mwaka 1951 wakafunga, pauni milioni 36 zimekwenda. Babu alikuwa akimalizia hivi kila mara: hakuna hata mmoja aliyemuuliza bibi yenu anapanda lini. Mtu aliyeona hayo kwa macho yake akiwa mpole na mambo makubwa, unamwita mwoga?

Haya, arobaini.

Wali umeliwa, wageni wa mbali wameondoka, tumebaki wenyewe kwenye mkeka. Ukatoka chumbani kwa mama na kopo mkononi, ukaliweka katikati kama mtu anayeweka ushahidi. "Mnaona hii? Hii ni yangu. Dada alitoa nini?" Baba mdogo, na unajua alivyo, akalivuta, akafungua, akachovya kidole. "Chumvi imezidi." Watu wakacheka. Hata wewe mdomo ulikucheza.

Unafikiri nilinyamaza kwa sababu sina jibu. Lile kopo mama alilijaza mwenyewe wiki moja kabla hatujampeleka hospitali. Mikono ilikuwa inatetemeka, ndiyo maana chumvi ilizidi. Nililificha nyuma ya sahani zake za udongo, sikuwa na nia ya kulifungua maisha yangu yote. Kesho yake asubuhi baba mdogo alilimalizia na mkate.

Najua ni siagi ya karanga. Najua ingeoza. Usiniambie.

"Dada alitoa nini?" Nilitoa asubuhi zangu za miaka yote hii, na huo ndio ukweli wote, hakuna siri ya biashara iliyojificha hapo. Nilikwenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwenye mafunzo nikiwa na mtoto mgongoni. Nikachukua TIN, namba ya mlipakodi, nikasajili jina la biashara BRELA, nikakata leseni halmashauri. Sampuli ya kwanza niliyopeleka TBS, shirika la viwango, majibu yake yalikuwa mabaya, kosa langu, nilikuwa nahifadhi karanga sakafuni. Nikanunua chaga za mbao, nikaanza kununua kwa wakulima wanaokausha kwenye turubai badala ya udongoni, nikarudia. Nembo yao ya ubora nilipoipata nilikupigia. Ulisema upo kwenye kelele za Kariakoo utanipigia baadaye.

Baada ya arobaini, kwa hasira, nilikwenda kwa mwanasheria. Nilitaka karatasi ya kukuziba mdomo, nakiri. Nikamsimulia yote. Akasema wazo tupu halimilikiwi na mtu, sheria hailindi mawazo, hata ungelisema mbele ya mashahidi mia. Mdogo wangu, moyo wangu ulicheka. Nikafungua mkoba nimwachie kopo moja la shukrani. Akaligeuza, akaangalia stika, akaniuliza, "Na hii picha kachora nani?"

Hakimiliki ya mchoro ni ya aliyeuchora. Kusajili jina BRELA hakukunipa picha yako. Mwanamke, kinu na mchi, ulivyomchora kwa kalamu ya bluu nyuma ya risiti ya luku, nimempandisha kwenye kila kopo tangu uondoke, na sijakulipa shilingi. Sikuwahi hata kukuuliza. Nilijiambia ni picha ya mama, na mama ni wa wote.

Kwa hiyo umekuwa unanidai kweli muda wote huu, ila ulikuwa unadai kitu kingine.

Mchapishaji ananisubiri Ijumaa, stika 5,000. Kijana wake wa kompyuta alinipigia jana, anasema picha imekosewa, mkono wa kushoto ndio uko juu ya mchi, kwa hiyo ataigeuza ikae sawa. Nikamwambia asiguse. Akauliza kwa nini. Nikamwambia aliyechora anajua mama yake alikuwa anatwanga kwa mkono gani.

Nitajie bei ya mchoro, ya makopo yote ya nyuma na ya haya 5,000. Kama hutaki kuongea na mimi, mpe shangazi ujumbe. Siku hizi halali mapema.

Dada yako