Wapanga ratiba za zamu, zihesabuni sikukuu za watu

Ndugu Mhariri,

Kila sikukuu inapokaribia, magazeti na redio huwashukuru wauguzi, askari, zimamoto, walinzi, madereva na mafundi wa mitambo wanaobaki kazini wakati wengine wako na familia zao. Shukrani hizo wanazistahili. Lakini zimewazoesha watu kuamini kwamba kukosa sikukuu hakuna dawa, na kwamba mke, mume na watoto wa mtu wa zamu hawana budi kuzoea. Sikubaliani. Ni kweli kwamba hospitali haifungwi na umeme hauzimwi kwa kuwa ni Krismasi au Idd. Lazima mtu awepo. Ila mtu yuleyule akikosa Krismasi nne mfululizo huku mwenzake wa kikosi kingine akizipata zote, hilo limetoka kwenye karatasi ya ratiba, na karatasi hiyo kuna aliyeiandika.

Nianze na hesabu, maana huko ndiko familia nyingi zinakoumia bila kujua. Kazi isiyosimama usiku wala mchana ni saa 168 kwa wiki. Vikosi vinne vikigawana, kila kimoja kinafanya wastani wa saa 42. Mpangilio mmoja unaopendwa ni wiki ya asubuhi, wiki ya jioni, wiki ya usiku, kisha wiki ya nyumbani, na baada ya siku 28 mnaanza upya. Kwa macho ni wa haki kabisa, kwa sababu kila kikosi kinapita kila mahali. Sasa upimeni kwa mwaka. Mizunguko 13 ya siku 28 ni siku 364, na mwaka una 365. Kwa hiyo tarehe ileile, mwakani, itamkuta mfanyakazi siku moja tu mbele ya pale alipokuwa. Aliyekuwa katika siku ya pili ya wiki ya usiku tarehe 25 Desemba, mwakani siku hiyo atakuwa katika usiku wa tatu. Ukipita mwaka mrefu wenye tarehe 29 Februari, anasogea siku mbili. Kikosi kilichoingia wiki ya usiku kwenye Krismasi kinaweza kubaki humo miaka mitano au sita, na kilichoangukia wiki ya nyumbani kinakaa nyumbani miaka hiyohiyo yote. Tena, kwa kuwa baada ya asubuhi inakuja jioni, na baada ya jioni usiku, kikosi kilichoanza vibaya kinaweza kupitisha miaka 16 au 17 bila Krismasi hata moja ya mapumziko, kama ratiba haikuguswa na hakuna aliyeomba likizo. Hakuna msimamizi aliyekusudia upendeleo huo. Umetoka kwenye kalenda, na hakuna aliyeukagua.

Zamu za saa 12, siku nne kazini na siku nne nyumbani, zina tabia tofauti. Mzunguko wake ni siku nane. 365 ukigawa kwa nane unabaki na tano, kwa hiyo wengi waliofanya kazi sikukuu ya mwaka huu mwakani huwa nyumbani. Zina faida nyingine pia: siku yoyote ile vikosi viwili kati ya vinne ndivyo vinavyoingia, wakati kwa mpangilio ule wa kwanza, ambao kila zamu ina urefu wa saa nane, vinaingia vitatu. Gharama yake ni kwamba aliyeingia hana kinachobaki cha siku hiyo. Saa 12 za kazi na safari ya kwenda na kurudi zinaimaliza.

Idd nayo ina shida yake. Mwaka wa Kiislamu ni wa siku 354 au 355, hivyo Idd haigandi sehemu moja ya mzunguko. Lakini siku yenyewe haijulikani mpaka mwezi uandame, nayo ratiba imeshabandikwa ukutani. Aliyeahidiwa Idd apewe siku zote mbili zinazowezekana, na aliyepangwa kumshikia nafasi aandikwe kwa siku zote mbili. Kuandika tarehe moja na kusubiri bahati ndiko kunakozaa ugomvi wa usiku ule.

Chanzo kingine ni uchache wa watu. Nafasi moja inayotaka mtu muda wote ina saa 8,760 kwa mwaka. Chukua mfanyakazi wa saa 40 kwa wiki. Mtolee wiki nne za likizo, wiki mbili hivi za sikukuu za umma na wiki moja ya ugonjwa na mafunzo. Anabaki na wiki 45, yaani saa 1,800. Ukigawa, nafasi hiyo moja inahitaji karibu watu watano. Mwajiri anayeweka wanne anaona zile saa 42 kwa wiki kwenye karatasi na kuridhika, na kweli inatosha mpaka mmoja augue. Hapo anapigiwa simu aliye mapumzikoni. Kwa kuwa siku za sikukuu ndizo wengi wanazoombea likizo, simu hizo huongezeka wakati uleule ambao familia zimepanga kukutana. Nyumba inayoishi hivyo hufika mahali ikaacha kupanga chochote, na hilo naliona baya kuliko sikukuu moja iliyopotea.

Yapo pia mapumziko ya uongo. Mtu anatoka zamu ya usiku saa moja asubuhi ya sikukuu, na kesho yake saa moja asubuhi anaingia zamu ya mchana. Ratiba inasema siku hiyo alipumzika. Usingizi wa mchana baada ya kukesha ni mfupi, mara nyingi saa tano au sita, hata chumba kikiwa kimya. Joto la mwili hufika chini kabisa alfajiri, kama saa kumi au kumi na moja, kisha hupanda asubuhi yote na kumwamsha mtu. Nuru ya jua njiani nayo huzuia melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Akiamka saa nane mchana amebakiwa na jioni peke yake, naye ni mzito na mwepesi wa hasira. Watoto wanasema baba au mama amekuja sikukuu akiwa amenuna. Siku ya kutoka usiku isiandikwe kuwa ya mapumziko. Hesabu ianze kesho yake.

Ndugu wa tatizo hilo ni kutoka zamu ya jioni saa nne usiku na kuitwa asubuhi saa kumi na mbili. Hapo katikati kuna muda wa saa nane tu. Toa saa moja ya kurudi na moja ya kwenda, toa kuoga, kula na kujiandaa, usingizi unabaki wa saa nne au tano. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 kuhusu muda wa kazi inataka saa 11 mfululizo za mapumziko katika kila saa 24, nami nashauri kipimo hicho kitumike hata pasipo na sheria kama hiyo. Ratiba inayokwenda mbele, yaani asubuhi, kisha jioni, kisha usiku, inaepuka sehemu kubwa ya mitego hii. Mwili nao unaikubali zaidi, kwa sababu saa yake ya ndani kwa watu wengi inazidi saa 24 kidogo, hivyo kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi.

Madhara ya zamu za usiku kwa afya yameandikwa vya kutosha. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili kwenye kundi la mambo yenye uwezekano wa kusababisha saratani mwaka 2007, na likarudia hivyo kwa zamu za usiku mwaka 2019. Kinachosemwa kidogo ni kwamba kwa familia yenye mtoto wa shule, zamu ya jioni inaweza kuumiza zaidi. Tuseme inaanza saa nane mchana. Asubuhi mzazi amelala, mtoto anaondoka. Mtoto anarudi, mzazi ameshakwenda kazini. Mzazi anarudi, mtoto amelala. Siku tano zinapita hivyo ndani ya nyumba moja. Aliyekesha usiku angalau yupo mtoto anaporudi shuleni. Kwa hiyo jioni zisipangwe zaidi ya mbili au tatu mfululizo, na zikilazimika, mzazi aamke na mtoto hata kwa nusu saa, kisha arudi kitandani. Nusu saa hiyo ya asubuhi ina thamani kuliko zawadi ya mwisho wa wiki.

Wanandoa wanaofanya zamu wote wawili na kupokezana watoto waweke ratiba zao mbili pamoja siku zinapotoka, wahesabu siku ambazo wote wako nyumbani. Zikiwa chini ya mbili kwa mwezi, waende kwa msimamizi mapema na pendekezo la tarehe mkononi. Ombi lisilo na tarehe ni rahisi kukataliwa.

Nyumbani kuna kosa moja linalorudiwa sana, nalo ni kumwambia mtoto: “Nitajaribu kubadilishana na mwenzangu.” Mtoto anasikia ndiyo. Mwenzako akikataa siku mbili kabla, mtoto hakosi sikukuu tu, anaacha pia kuamini maneno yako. Ni heri kusema hapana iliyo wazi mapema, pamoja na tarehe nyingine iliyothibitishwa. Mtoto mdogo haelewi “wiki ijayo”, ila anaweza kuhesabu usiku ngapi umebaki kwa kukata visanduku vya kalenda ukutani. Na ile sikukuu iliyohamishwa ifanywe kamili: nguo zilezile, wageni walewale wanaoweza kuja, zawadi zifunguliwe siku hiyo. Ikifanywa nusunusu, watoto wanajua kwamba ya kweli ilishapita bila mzazi.

Anayetoka usiku na kukuta sikukuu imeanza asijilazimishe kukaa macho mchana kutwa. Alale kwa muda wa saa tatu au nne, dirisha likiwa limezibwa vizuri, simu ikiwa kimya isipokuwa kwa namba moja ya dharura, kisha aamke kula na wenzake na alale mapema usiku. Kahawa ya mwisho iwe saa nane usiku, kwani hata ukipita muda wa saa tano hivi, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Kubwa zaidi, asitoke kazini na kushika usukani moja kwa moja kwenda kwa wazazi safari ya saa nyingi. Usingizi wa kwenye usukani hauombi ruhusa.

Nirudi kwa wapanga ratiba, kwa sababu familia haiwezi kuziba pengo ambalo mwajiri analifungua kila mwezi. Sikukuu kubwa zitengwe na mzunguko wa kawaida na ziwekewe daftari lake. Kila mfanyakazi awe na mstari: sikukuu zipi alifanya kazi, zipi alipumzika, angalau kwa miaka mitatu nyuma. Daftari lifuate mtu, lisifuate kikosi, kwa sababu watu huhamishwa, na anayehamia kikosi kipya mara nyingi hukuta zamu mbaya zinamsubiri. Kila mmoja achague sikukuu moja anayohakikishiwa, na aliyefanya kazi siku hiyo mwaka jana atangulie. Penye watu wa dini mbalimbali mgawanyo unakuwa rahisi, mradi uandikwe na usiachwe kuwa fadhila ya kudaiana. Ratiba ya kawaida itoke wiki nne kabla, na ya sikukuu miezi mitatu kabla.

Idadi ya watu wanaohitajika siku hiyo ipimwe upya pia. Upasuaji uliopangwa, matengenezo yasiyo ya haraka na kazi za ofisini vinaweza kusubiri. Chumba cha dharura na chumba cha kuendeshea mitambo haviwezi. Kuita kikosi kizima kwa mazoea ni kunyang'anya watu siku bila sababu. Ambako watu wanatosha, zamu ya saa 12 igawanywe mbili za saa sita siku hiyo: wengi zaidi wanaingia, lakini kila mmoja anapata nusu ya sikukuu.

Mabadilishano yaruhusiwe, ila kwa maandishi, yenye sahihi za wote wawili na ya msimamizi, na yasimfanye mtu aunganishe saa 16. Mkishakubaliana, wajibu wa kufika uhamie kwa aliyeipokea zamu. Pasipoelezwa hivyo, anayepata barua ya onyo ni yule aliyekuwa nyumbani na ruhusa ya mdomo.

Tena, wasio na watoto wasigeuzwe akiba ya sikukuu zote. Nao wana wazazi, wana wachumba, na wengine wanamuuguza mtu nyumbani.

Mkataba namba 171 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1990, unaohusu kazi za usiku, unataka wawakilishi wa wafanyakazi washauriwe kabla ratiba za namna hiyo hazijaanzishwa, na unakubali kwamba fidia inaweza kuwa ya muda na si fedha tu. Malipo ya sikukuu yana msaada wake, siyapuuzi. Lakini siku ya fidia ikitolewa Jumanne ambayo watoto wako shuleni na mwenzi yuko kazini, mfanyakazi atalala na kufua nguo. Aichague yeye, iangukie siku ambayo shule zimefungwa, itolewe ndani ya siku 60, na iandikwe kwenye mstari wake wa daftari ili anayepanga mwezi unaofuata aione kuwa deni.

Wako,
Mpanga ratiba za zamu