Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wapenzi wa Muziki wa Kantri

Waheshimiwa wanachama,

Kama katiba yetu inavyonitaka, naleta mbele yenu taarifa ya mwaka 2025. Mambo ya uanachama na mikutano nitayapitia kwa haraka, kwa kuwa katibu ameyaandika vizuri katika kumbukumbu mlizokwisha kupokea: vikao vya kusikiliza viliendelea, mahudhurio hayakupungua, na amplifaya iliyokuwa ikituaibisha mbele ya wageni imetengenezwa. Linalonilazimu kuandika kwa urefu ni pendekezo la baadhi ya wanachama wakongwe kwamba vikao vyetu vipige tu nyimbo zilizorekodiwa kabla ya mwaka 1990, kwa hoja kwamba zilizokuja baadaye si kantri halisi. Mjadala huo ulipamba moto mwezi Februari, Beyoncé, mwimbaji Mweusi wa Marekani anayejulikana zaidi kwa pop, alipopewa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya kantri, na haujapoa hadi leo.

Umri wangu unaniweka upande wa wakongwe, na ladha yangu pia. Katika nyumba yetu, kama katika nyumba nyingi za Kenya za miaka ya sabini, Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani, alikuwa kama mzee wa kanisa: alisikika Jumapili asubuhi kabla ya ibada, alisikika Krismasi, na palipotokea msiba alisikika usiku wa matanga. Marehemu baba aliziweka santuri zake juu ya kabati ambalo sisi watoto hatukuruhusiwa kulifungua, na Sauti ya Kenya ikitujazia redioni zile tusizokuwa nazo. Wazee wetu, ambao wengine Kiingereza chao kilikuwa cha kubabaisha, walimwelewa Reeves kwa sababu alilitamka kila neno hadi mwisho wake, tena bila haraka. Kabla ya kuwa mwimbaji maarufu alikuwa mtangazaji wa redio, na nadhani kazi hiyo ndiyo iliyomfundisha kuzungumza na msikilizaji mmoja aliyeketi karibu.

Lakini ni Reeves huyohuyo anayenizuia kuunga mkono pendekezo hili. Mwaka 1953 jina lake lilivuma kwa sauti ya juu na mdundo wa kuchangamsha. Miaka michache baadaye, chini ya usimamizi wa Chet Atkins, mpiga gitaa na mtayarishaji wa rekodi, aliisogelea maikrofoni, akaishusha sauti, na fidla pamoja na lile gitaa linalolazwa na kutelezeshewa kipande cha chuma vikaondolewa ili kupisha piano, waitikiaji laini na kundi la vinanda vya nyuzi. Atkins na wenzake wa Nashville, mji wa Marekani ulio kitovu cha kantri, walifanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu roki ilikuwa imewanyang'anya wanunuzi. Wapo wapenzi wa zamani wa Marekani waliolalamika wakati ule kwamba kantri imeuzwa kwa watu wa mjini. Kwa maneno mengine, sauti tunayoitetea sisi kama ya asili ilikuwa, kwa masikio ya waliotutangulia, ndiyo uharibifu wenyewe. Reeves alikufa tarehe 31 Julai 1964, akiwa na umri wa miaka 40, ndege ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe ilipoangukia karibu na Nashville katika dhoruba, na baba hakutaka kamwe kuamini kwamba nyimbo nyingine zilitolewa baada ya mazishi.

Tukirudi nyuma zaidi, uhalisi huo unazidi kuponyoka. Banjo ina asili yake katika ala za kibuyu walizotengeneza Waafrika waliopelekwa utumwani. Gitaa la kutelezesha lilitoka Hawaii. Hank Williams, mwimbaji nguli wa kantri ambaye hakuna mkongwe hapa anayethubutu kumgusa, alifundishwa gitaa utotoni na mpiga muziki Mweusi wa mitaani aitwaye Rufus Payne.

Kikao chetu cha Novemba kiliadhimisha miaka 100 ya kipindi cha redio ya WSM ya Nashville kilichoanza tarehe 28 Novemba 1925, na humo tulimsikiliza DeFord Bailey. Naomba radhi kwa wale walioona kwamba nilimpa muda mrefu mno, ingawa ningempa tena. Bailey, mjukuu wa mtumwa, alipiga harmonika hata ukadhani garimoshi linapita mlangoni. Ni baada ya kuiga garimoshi hivyo, mwaka 1927, ndipo mtangazaji George D. Hay alipokibatiza kipindi hicho kwa utani jina la Grand Ole Opry linalotumika hadi leo. Mwaka 1941 Bailey aliachishwa kazi, na kwa miaka mingi riziki yake ikatokana na kung'arisha viatu. Aliingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri mwaka 2005, miaka 23 baada ya kufa. Charley Pride naye, mwimbaji Mweusi aliyechaguliwa mburudishaji bora wa mwaka 1971, alianza kwa santuri zilizopelekwa kwenye vituo vya redio bila picha yake, ili watangazaji wampende kabla ya kujua rangi yake. Anayesema kwamba mwimbaji Mweusi ni mgeni katika nyumba hii hajasoma orodha ya waliojenga msingi.

Nasi wa huku hatukualikwa juzi. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis, kule Kapkatet nchini Kenya, wakimwimba Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani waliyekuwa wamemsikia kwenye santuri na kumwita Chemirocha, wakimfanya kiumbe nusu mtu nusu paa. Rodgers alikuwa amekwisha kufa kwa kifua kikuu tangu 1933. Rekodi ile haipiti dakika chache, lakini kwangu ina uzito kuliko nusu ya kabati la baba.

Hata hivyo, sitaki wakongwe waondoke wakidhani kwamba manung'uniko yao yamepuuzwa. Nyimbo nyingi zinazotoka Nashville sasa zinanichosha: gari la mizigo, bia, msichana, barabara ya vumbi, kisha gari tena. Kinachokosekana ni kisa. Kenny Rogers alipouvumisha mwaka 1978 wimbo wa mcheza kamari, ambao Don Schlitz aliutunga, alikuwa na wahusika wawili tu ndani ya garimoshi usiku, na kufikia ubeti wa mwisho mmoja wao amekwisha kufa. Don Williams, aliyekuja kuimba Harare mwaka 1997, hakuhitaji hata kuinuka kitini. Kipimo changu ni hicho: je, kuna mtu ndani ya wimbo, na je, maneno yanasikika? Nyimbo za zamani zinazoshindwa kipimo hiki ni nyingi, na baadhi yake tunazipiga kwa mazoea tu.

Kwa hiyo kamati inapendekeza mpaka wa mwaka 1990 usiwekwe. Badala yake, kila kikao kiwe na saa moja ya nyimbo za zamani zinazochaguliwa na wakongwe, na saa moja inayoongozwa na mwanachama chipukizi, ambaye atatakiwa kueleza kwa nini amechagua alichochagua. Tunaomba pia idhini ya kuwaalika wasanii wa hapa nyumbani, tukianza na Sir Elvis na Esther Konkara, iwapo ratiba zao zitaruhusu na mfuko wetu utamudu. Wenye santuri waendelee kuzileta, ila wazifute vumbi, kwani sindano ya mashine yetu ni ya mwisho na fundi anasema nyingine itabidi iagizwe kutoka nje.

Pendekezo la wakongwe na hili la kamati yatapigiwa kura katika mkutano mkuu, mara tu baada ya mweka hazina kusoma hesabu za mwaka.

Mwenyekiti